Gazi: Kijiji cha Mikoko Kusini mwa Mombasa

Kijiji cha Gazi kiko katika Kaunti ya Kwale, takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa, kando ya ghuba yenye kina kifupi ambayo rasi na kisiwa cha Chale huikinga dhidi ya mawimbi ya bahari kuu, na ambayo hupokea maji matamu na matope kutoka bara kupitia mito miwili, Kidogoweni kwa upande wa kaskazini na Mkurumudzi kwa upande wa kusini. Wageni wengi wanaoshuka pwani hii huishia Diani, mwendo wa chini ya nusu saa kwa gari, wala hawapati sababu ya kuendelea mbele. Kwa wataalamu wa misitu ya bahari, hata hivyo, Gazi ni jina linalotajwa katika vyuo vikuu vya mabara kadhaa. Tofauti hiyo kati ya umaarufu wa kijiji kwa wanasayansi na ugeni wake kwa wasafiri ndiyo inayokifanya kistahili kuelezwa kwa kirefu, na inashikiliwa katika maelezo haya kwamba mali ya Gazi ni ile iliyosimama tayari, yaani msitu, maji na watu wanaoufahamu msitu huo, kwa hiyo mgeni au mwekezaji anayekuja na nia ya kujenga Diani ya pili atakosa faida na atakiharibia kijiji.

Msafiri anayetoka Mombasa ana njia mbili za kwenda kusini. Ya zamani ni feri ya Likoni, ambayo waendao kwa miguu huipanda bila nauli, na ambayo foleni yake ya magari kwa miaka mingi ndiyo iliyoamua kama samaki wa Kwale watafika soko la Mombasa wakiwa wabichi. Ya pili ni barabara ya Dongo Kundu, ambayo kwa madaraja ya Mwache na Mteza huizunguka bandari upande wa magharibi na kuingia katika barabara kuu ya Lunga Lunga bila gari kugusa feri. Kukamilika kwa barabara hiyo mwaka 2024 kuliusogeza mji na reli ya Nairobi karibu zaidi na vijiji vya kusini, na bila shaka kutaisogeza pia bei ya ardhi, na suala la ardhi litarejewa hapa chini.

Baada ya Waa, Tiwi na Ukunda, mabango ya hoteli huanza kupungua, na minazi, mikorosho na miembe hutawala pande zote mbili za barabara. Kabla ya kufika Gazi, upande wa bahari, kuna msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kaya ni mahali palipokuwa makazi yenye ngome ndani ya msitu, ambapo wazee bado huendesha ibada, na Kinondo ni miongoni mwa chache ambazo wazee wenyewe wamezifungua kwa wageni, kwa masharti yao: mgeni hujifunga kaniki, huongozwa na mwenyeji, wala hatoki na kitu chochote cha msituni, hata kijiti. Msafiri mwenye busara huanzia hapa, kwa sababu utaratibu wa Kinondo, ambamo mwenyeji ndiye mwenye kuweka sharti na mgeni ndiye mwenye kulifuata, ndio unaoeleza vizuri zaidi yale atakayoyakuta Gazi.

Kutoka barabara kuu hadi kijijini ni safari fupi ya bodaboda au ya miguu. Wakazi wengi ni Wadigo, moja ya jamii tisa za Mijikenda, na walio wengi ni Waislamu. Wako pia wavuvi na wafanyabiashara waliotoka sehemu nyingine za pwani, wakiwemo wenye asili ya Pemba, ambao kwa vizazi vingi wamefuata samaki kwa kupiga dago, yaani kuhamia ufuo wa ugenini kwa msimu mzima na kuvua kutoka hapo. Nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti zimesimama bega kwa bega na nyumba za matofali na mabati, na mbele ya kijiji ufuo unateremka taratibu hadi kwenye mitumbwi na mashua ambazo maji yakipwa hulala ubavu juu ya mchanga wa kijivu. Huu si mchanga mweupe wa Diani, na ni afadhali mgeni alijue hilo mapema. Ghuba inayolisha mikoko kwa matope haiwezi wakati huohuo kuwa na maji ya buluu yenye kuonyesha chini yake kila saa.

Kijiji kina historia inayozidi ukubwa wake. Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani uliotawala Mombasa kwa takriban karne moja, waliposhindwa na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, mwaka 1837, waligawanyika: tawi moja lilikwenda Takaungu kaskazini na jingine likaja Gazi. Kutoka hapa Mbaruk bin Rashid alipambana mara kadhaa na masultani wa Zanzibar, kisha mwaka 1895 akaingia katika vita na Waingereza, ambao walimfukuza kutoka ngome moja hadi nyingine katika vilima vya bara, mpaka mwezi Aprili 1896 alipovuka mpaka pamoja na wafuasi wake na kujisalimisha kwa Wajerumani; alimalizia maisha yake Dar es Salaam. Nyumba yake ya mawe ya Gazi ilikuja kutumiwa kama shule, na mlango wake wa nakshi ulipelekwa Fort Jesus, Mombasa. Inasikitisha kwamba mtu anaweza kuutazama mlango huo mjini bila kupata hamu ya kwenda kuiona nyumba ulikotoka, ilhali ni safari ya asubuhi moja, na kwamba historia ya vita vilivyobadilisha pwani nzima haijapewa kijijini chumba kimoja cha maonyesho ambamo watoto wa hapo na wageni wangeisoma pamoja.

Nyumba ya mawe kama hiyo ya Mbaruk ina uhusiano wa moja kwa moja na msitu ulio nyuma yake, kwa kuwa dari za nyumba za mawe za Waswahili zilibebwa na boriti, ambazo ni miti ya mikoko iliyonyooka, na upana wa vyumba vyake vyembamba ulifuata urefu wa boriti ulioweza kubeba uzito wa dari. Wakataji waliipanga miti hiyo kwa unene, kuanzia fito na pau hadi mazio, boriti na nguzo, na majahazi yaliibeba hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti mirefu ya kujengea ilikuwa adimu. Biashara hiyo ya nje iliendelea kwa karne nyingi, hadi Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wa mikoko nje ya nchi mwaka 1982.

Neno mkoko hutumiwa kwa maana mbili. Kwa maana pana ni mti wowote unaoota katika maji ya chumvi yanayopwa na kujaa. Kwa maana finyu ni mti mmoja tu, ule wenye mizizi inayotoka shinani juu ya ardhi na kujipinda hadi matopeni pande zote. Karibu aina zote za mikoko ya Kenya hupatikana Gazi, na wenyeji huzitofautisha kwa majina na kwa kazi zake: mlilana, ambao hutangulia mbele kabisa penye maji mengi na ambao mbao zake zilizopinda hufaa kwa mataruma ya mashua, mkoko wenyewe na muia, ambao huitwa pia msinzi, kwa boriti, mkandaa, ambao gome lake hutoa rangi na dawa ya kutengenezea ngozi, mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo, na mchu, ambao hustahimili chumvi kali na ambao mizizi yake ya kupumulia huchomoza wima kutoka ardhini. Msitu wa ghuba hii hukadiriwa kuwa na hekta zaidi ya 600, sehemu ndogo ya hekta 61,271 zilizohesabiwa nchini Kenya, ambazo zaidi ya nusu yake ziko Lamu.

Mgeni huuona msitu huo kutoka kwenye njia ya mbao ambayo kikundi cha wanawake wa Gazi huitumia kama kitega uchumi. Njia hiyo imeinuliwa juu ya matope kwa nguzo na hupenya katikati ya miti hadi upande wa maji, na mgeni hulipa kiingilio kidogo, hutembezwa na mwenyeji anayeeleza kila mti, na akiagiza mapema huandaliwa chakula cha mchana cha samaki na wali wa nazi. Wakati wa kufika una umuhimu mkubwa. Siku za bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, hivyo mtu anaweza kuuona msitu ukisimama ndani ya bahari na, baada ya saa chache, kaa na konokono wakitapakaa juu ya matope matupu; siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua. Mbao zilizo juu ya maji ya chumvi huoza upesi, na matengenezo ya njia hiyo ndiyo mzigo mkubwa wa kikundi, kiasi kwamba mgeni anayelipa kiingilio bila kuomba kupunguziwa huwa ananunua ubao wa kesho.

Msitu huu haukusalimika wakati wote. Katika miaka ya 1970 sehemu zake zilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwanda vya matofali na chokaa, na maeneo mengine yakabaki tambarare tupu ambapo mbegu hazikuweza tena kushika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti James Kairo, wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, alianza kupanda upya mikoko katika maeneo hayo akishirikiana na wanakijiji, kwa kuijaribu miche ya aina mbalimbali katika vimo tofauti vya maji ili ijulikane ni mti gani unaoshika wapi. Elimu hiyo, ambayo huonekana ndogo kwa asiyewahi kupanda mkoko ukafa, ndiyo msingi wa yote yaliyofuata.

Yaliyofuata ni mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ukaa kuanzia mwaka 2013 na ambao hutajwa kuwa wa kwanza duniani wa kijamii kufanya hivyo kwa msitu wa mikoko. Utaratibu wake unahitaji kuelezwa. Mti unapokua huvuta hewa ukaa, ile inayochangia joto la dunia, na kuihifadhi katika shina, mizizi na matope. Matope ya mikoko, kwa kuwa hayana oksijeni, huzuia mabaki ya mimea yasioze haraka, hivyo ekari moja ya mikoko inaweza kuhifadhi kaboni mara kadhaa zaidi ya ekari ya msitu wa kawaida wa nchi kavu. Kijiji kinapouhifadhi msitu ambao vinginevyo ungekatwa, hewa ukaa iliyozuiwa hupimwa kwa tani, huthibitishwa na shirika la nje, ambalo kwa Gazi ni Plan Vivo lenye makao yake Scotland, na kila tani hutolewa hati ambayo mtu binafsi au kampuni ya mbali huinunua ili kufidia hewa chafu anayoitoa mwenyewe. Vijiji vya Gazi na Makongeni viliweka katika mpango huo hekta 117, na mauzo yake ni takriban tani 3,000 kwa mwaka.

Fedha hizo, ambazo katika miaka ya mwanzo zilikuwa kiasi cha dola 12,000 kwa mwaka, hazikugawanywa kwa kila nyumba. Wanakijiji hukutana na kuamua zitumike wapi, kamati iliyochaguliwa hutekeleza, na matunda yake yameonekana katika mabomba ya maji, vitabu na ukarabati wa shule. Mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017, na upande wa kusini zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vimeufuata mfano huo kwa msitu mkubwa zaidi. Hata hivyo haifai kutia chumvi. Fedha hizo zikigawanywa kwa wakazi wa vijiji viwili, ambao ni zaidi ya 5,000, kila mmoja angepata chini ya dola tatu kwa mwaka, na mwanamke anayehitaji kuni leo hawezi kupikia hati ya kaboni. Ndiyo maana mradi ulipanda pia mivinje kwa ajili ya kuni na nguzo, ili msitu uliofungwa usihamishie mashoka kwenye msitu wa jirani. Thamani kubwa ya mradi haiko katika kiasi cha fedha. Iko katika kuwa kijiji kimejizoeza kuweka mkataba na watu wa nje, kuweka hesabu hadharani na kuamua kwa pamoja, na huo ni ujuzi ambao vijiji vingi vya pwani vyenye mchanga mweupe kuliko Gazi havijapata nafasi ya kuupata.

Upande wa uvuvi mambo hayajapangika kwa kiwango hicho. Wavuvi wengi wa Gazi hutumia mitumbwi, mishipi, madema na nyavu katika ghuba na karibu na mwamba, na husimamiwa na kamati ya ufuo ambayo kila mtu huiita BMU. Juya, wavu mrefu wa kukokotwa unaozoa samaki wachanga na kung'oa nyasi za bahari, lilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, lakini katika sehemu nyingi za pwani halijaachwa, na sababu yake si ukaidi peke yake. Mvuvi asiye na chombo hukopeshwa na tajiri, yaani mfanyabiashara mwenye mashua na nyavu, ambaye naye hununua samaki wote kwa bei anayoitaja mwenyewe, kwa hiyo mvuvi huvua kwa zana aliyopewa. Samaki wadogo huchukuliwa na mama karanga, wanawake wanaowakaanga na kuwauza kijijini na kando ya barabara. Penye barafu haba, samaki wa jioni hana budi kuuzwa jioni hiyohiyo. Kwa mwekezaji mwenye mtaji mdogo na subira, mtambo wa barafu na chumba baridi vinavyomilikiwa kwa ubia na BMU na mama karanga vingeleta mabadiliko makubwa kuliko jengo lolote la ghorofa, mradi tu mkataba wake usimgeuze mwekezaji huyo kuwa tajiri mpya mwenye friji.

Kwa wageni, nafasi iliyopo ni ya nyumba chache za kulala, za vyumba vitatu au vinne, zinazoendeshwa na familia za kijijini au kwa ubia nazo. Hadi sasa wengi huja kutoka Diani kwa saa chache na kurudi, hivyo fedha nyingi za safari yao hubaki kwa mwenye gari na hoteli. Anayelala kijijini huweza kuingia ghubani alfajiri kwa mtumbwi maji yanapojaa, kuwafuata ndege wa pwani kwenye tambarare za matope, kuhudhuria mnada wa samaki, kutembezwa katika mashamba ya utafiti wa mikoko na kusikia habari za Mbaruk kwa wazee. Msimu mzuri ni wa Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari inapotulia. Masika ya Aprili na Mei hufanya njia za udongo kuwa nzito na Kusi huchafua maji. Mavazi ya heshima nje ya ufuo, ruhusa kabla ya kupiga picha na uangalifu wakati wa Ramadhani ni mambo ambayo mwenyeji atayastahi bila kuyadai.

Mwekezaji wa ardhi anahitaji tahadhari zaidi, na historia ya karibu ya Kwale inampa mafunzo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikufa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuliacha eneo zima bila mshahara kwa muda mrefu. Mgodi wa titani wa Kwale, ambao bwawa lake lilijengwa juu ya Mkurumudzi, mto uleule unaoingia katika ghuba ya Gazi, ulianza kusafirisha madini mwaka 2014 na ukaacha kuchimba Desemba 2024, akiba ilipokwisha. Shughuli zote mbili zilitoa ajira nyingi na zote zilikuwa na mwisho ambao wanakijiji hawakuupanga wao. Kwa upande wa kaboni, sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka mradi wa ardhini ulio katika ardhi ya umma au ya jamii uwe na makubaliano ya maandishi na jamii na uipatie angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya gharama, kwa hiyo anayekuja na mkataba wa chini ya hapo hana cha kujadili. Katiba ya mwaka 2010 nayo humruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99 bila kuimiliki.

Ugumu mkubwa ni hati ya ardhi. Pwani ya Kenya imerithi, tangu enzi za usultani na ukoloni, hali ambayo familia hulima na kuzika kwa vizazi katika ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na muuzaji mwenye hati safi anaweza kuwa anauza ua wa watu wanaoishi hapo. Kabla ya kulipa chochote, mnunuzi hana budi kupekua daftari la ardhi la kaunti, kuwauliza chifu na wazee katika baraza lililo wazi, kukagua palipo na makaburi, na kufanya tathmini ya athari kwa mazingira ambayo sheria inaidai. Lazima pia aje kuukagua mpaka wa kiwanja siku ya bamvua, ikiwezekana bamvua kubwa ya Machi au Septemba, na si siku ya maji mafu ambayo dalali humchagulia. Tangazo la serikali la mwaka 1932 liliifanya misitu ya mikoko ya Kenya kuwa hifadhi, nalo lilihesabu eneo la hifadhi kwa alama ya maji kujaa, kwa hiyo sehemu ya kiwanja inayofikiwa na maji siku hiyo, hata kama imekauka wiki nzima na imepandwa minazi, inaweza kuwa ndani ya hifadhi hiyo, ambayo haiwezi kuuzwa na mtu yeyote.